Bosi anataka nifundishe wenzangu kufanya kazi bila mpiga picha, na mpiga picha ndiye alinifundisha mimi

Hujambo Mama,

Hii barua nimeiandika nikaifuta mara tatu, leo wacha niitume tu vile iko. Mimi ni mwanahabari wa televisheni hapa Nairobi, nina miaka 31, naishi Umoja na mtoto wangu wa miaka sita na dada anayenisaidia na kazi za nyumba. Stesheni sitaitaja. Kazi naipenda sana Mama, singekuwa naipenda singekusumbua.

Zamani tulikuwa tunaenda stori watu watatu, dereva, mpiga picha na mimi. Mwanzo wa 2024 ofisi ikasema pesa hakuna, wapiga picha wengi wakaachishwa wakabaki wanne, na sisi maripota tukapewa kamera ndogo, tripodi, maiki ya kubandika kwa nguo na leptopu. Sai ni mimi peke yangu. Nashuti mimi, nauliza maswali mimi, nabeba mimi, nikirudi naandika stori, nasoma sauti, nakata picha, natuma, na taarifa ya Kiswahili ni saa moja jioni na haingoji mtu. Siku zingine hata gari hakuna, napanda matatu na tripodi na kondakta ananiambia nilipie mzigo kama abiria.

Lakini nikuwe mkweli, kuna upande nimeupenda. Ukiingia kwa nyumba ya mtu kule Mukuru, nyumba ya mabati futi kumi kwa kumi, mkiwa watatu na taa na waya mnajaza nyumba mpaka mwenyewe anasimama nje ya kwake. Nikienda peke yangu nakaa kwa kitanda kama mgeni yeyote, napewa chai, mtu anaongea. Kuna stori nimezipata hivyo ambazo tukiwa wengi singezipata. Na nimekuwa mzuri kwa hii kazi, sijisifu, bosi mwenyewe amesema.

Sasa kuna siku mbili haziniachi.

Ya kwanza ni wakati wa yale mafuriko ya 2024. Nilikuwa na kama miezi miwili tu ya kufanya kazi peke yangu. Nilienda Mathare kuongea na mama aliyepoteza mtoto kwa mto usiku. Nikaweka kamera, nikamfunga maiki, nikavaa hedifoni. Halafu nikaona hedifoni ni kama dharau, mama wa watu amefiwa na mimi nimeziba masikio mbele yake, nikazitoa nikaweka chini. Akaongea dakika ishirini hivi. Akasema alikuwa amemshika mtoto kwa sweta, maji yakavuta, sweta ikabaki kwa mkono wake. Alilia na mimi nikalia. Tulipomaliza nikaangalia nikapata betri ya maiki ilizima zamani, karibu mahojiano yote hayana sauti. Sijui uso wangu ulikuwa aje kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliniuliza, "Haikushika? Niseme tena?" Na mimi Mama nikasema ndio. Akasema tena, fupi, bila machozi, kama mtu anasoma. Hiyo ya pili ndiyo ilienda hewani. Edita alisema imetulia, kazi safi.

Ya pili ni Juni 25 mwaka huo huo, maandamano, nilikuwa Kenyatta Avenue. Ukiangalia kwa kamera unaona mbele tu. Yule mpiga picha nilifanya naye miaka sita, tunamwita Mzee, tulikuwa na ishara yetu, mmoja akiona kitu kinakuja kwa mgongo wa mwingine anamgusa bega mara mbili na mnasonga bila kuuliza. Hiyo siku narudi nyuma nikishuti, moshi kila mahali, na nakumbuka kabisa nikingoja kuguswa bega. Hakuna mtu. Ni kijana tu nisiyemjua alinivuta kwa begi hadi kwa mlango wa duka, kugeuka naona lori lilikuwa linarudi nyuma pale pale niliposimama.

Sasa shida yenyewe. Wiki iliyopita bosi ameniita, akafunga mlango, akasema anataka mimi niwe mkufunzi, nifundishe maripota wote waliobaki kufanya kama mimi. Nitaongezwa elfu ishirini kwa mwezi. Halafu akasema wakishajua, wale wapiga picha wanne wataenda, na hiyo ni kati yetu. Mzee ni mmoja wao. Ana miaka 53, amekuwa hapo miaka 24, ana watoto wawili wako chuo. Ndiye alinifundisha kushika kamera kabla hata sijapewa. Mpaka leo kila asubuhi akiniona na begi ananiuliza, "Umebeba betri ya pili?" Tangu hiyo siku namjibu nikiangalia chini.

Mama yangu mzazi anasema nimshukuru Mungu nina kazi. Rafiki yangu anasema niwaachie kazi yao nianzishe chaneli yangu ya YouTube. Mimi usiku silali. Nikikubali si nitakuwa nimemuuza? Nikikataa, karo ya mtoto itatoka wapi wakinikasirikia? Na mbona nachoka hivi kama kweli kazi naiweza?

Ni mimi,
Asiyelala, Umoja

*

Binti yangu,

Nimesoma barua yako mara ya kwanza jikoni nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Asante kwa kuituma vile ilivyo.

Wacha nikuambie nilichosikia, na kama nimekosea utanirekebisha. Umeleta maswali matatu yameshikana mikono. La kwanza ni la cheo, uchukue au uache. La pili ni la siri ya bosi ambayo umebebeshwa bila kuulizwa. La tatu ndilo uliloliweka mwisho kabisa kama kitu kidogo, mbona nachoka, na mimi ndilo limenishika zaidi, kwa hivyo nitaanza nalo hata kama wewe ulikuwa unangoja lile la cheo.

Unasema kazi unaiweza. Naamini. Lakini hebu angalia vitu ambavyo umemtaja Mzee navyo. Hukuandika kuhusu picha zake, kwamba zilikuwa nzuri kuliko zako au alijua mwanga zaidi. Umeandika kuhusu bega na betri ya pili. Ofisi ilipohesabu ilihesabu mtu wa kushika kamera, ikaona kamera imekuwa ndogo, mtu mmoja anatosha. Yale mengine aliyokuwa anafanya hayakuwa kwa karatasi yoyote, na wewe ndiye umebaki kuyafanya au kuyakosa. Na kuna moja hukuitaja nadhani hata hujaifikiria. Mkitoka kwa nyumba ya msiba mlikuwa mnaingia kwa gari watu watatu, mnakwama pale Jogoo Road au Thika Road saa nzima, mmoja anasema "yule mama ameniumiza", mwingine anasema "hata mimi", halafu mnanyamaza au mnaongea mpira. Sasa unatoka Mathare na ile sweta kwa kichwa, unapanda matatu umekumbatia begi lisiibiwe, unafika unaanza kukata picha, yaani unamsikiliza tena na tena ukitafuta sekunde kumi nzuri, unafika nyumbani mtoto anataka homuweki. Umeongea na nani hapo katikati?

Sisi washauri huwa na utaratibu wetu, kila mshauri anakuwa na mshauri wake anayeenda kwake kuweka chini yale aliyosikia, na si kwa sababu ni dhaifu. Mtu anayesikiliza maumivu kila siku bila kuwa na pa kuyatua anaanza kuchoka kwa njia ambayo usingizi hausaidii. Ukiniambia hulali, siwezi kusema ni cheo tu kinakunyima usingizi. Hii imeanza 2024.

Kuhusu yule mama wa Mathare. Umeandika kama mtu anayekiri kosa, na sitakuambia halikuwa jambo. Kumwomba mtu aseme kifo cha mtoto wake mara ya pili ni jambo zito na ni vizuri linakusumbua. Lakini hebu turudi kidogo, ulitoa hedifoni kwa nini? Uliona huwezi kumsikiliza mtu huku unasikiliza mashine, ukachagua mtu. Hapo ndipo kazi ya watu wawili ilipopasuka katikati, na wewe ukachagua upande ambao mimi kama mama ningetaka uchague kama ningekuwa mimi naongea. Mashine haikushika maneno ya kwanza, wewe uliyashika, umeniandikia sweta na nimeiona. Tena ni yeye aliyekuuliza kama aseme tena. Hujui alikuwa anafikiria nini. Labda alitaka mtoto wake asikike. Labda alikuhurumia. Umekuwa ukijihukumu kwa niaba yake muda wote huu na yeye hajaulizwa. Sikusukumi umtafute, hiyo ni juu yako, na wengine wakifuatwa tena wanaumia, lakini ujue hiyo hukumu umeiandika peke yako.

Sasa tuje kwa cheo.

Umeuliza, nikikubali si nitakuwa nimemuuza. Hilo swali limebeba kitu ndani yake, kwamba wewe ndiye unashikilia kazi ya Mzee kwa mkono wako, ukifungua anaanguka, ukifunga anabaki. Ni hivyo kweli? Huu mfumo wa ripota kubeba kamera yake haukuzaliwa kwa ofisi ya bosi wako. NY1, stesheni ya habari ya jiji la New York, ilianza 1992 ikiwa na maripota wanaojishutia wenyewe, na kamera za wakati huo hazikuwa za kuingia kwa mkoba. Ukikataa, bosi anaweza kumchukua mwingine kesho, pengine kijana ambaye hajawahi kusimama Kenyatta Avenue akingoja kuguswa bega, na huyo atawafundisha wenzako kwamba yote yanawezekana. Lakini pia sitaki ujifiche nyuma ya hilo. Kuna watu hukataa jambo wakijua litafanyika tu, na wanalala. Wewe ndiye unajua ni mtu wa aina gani.

Na pia tusimfanye mwenzako kuwa kinga kamili. Nyinyi wa habari mnamjua Mohamed Amin kuliko mimi, mzaliwa wa Nairobi, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini, akapoteza mkono, na mtu wake wa sauti, John Mathai, akafa hapo. Hawakuwa peke yao. Nakuambia hivi kwa sababu ukiamini kwamba Mzee angekuwa hapo hakuna baya lingekupata, utakuwa unalinganisha leo yako na jana ambayo haikuwa salama hivyo. Ila kuna tofauti kati ya hatari ya kazi na hatari iliyoongezwa ili bajeti itoshe, na hiyo ya pili unaweza kuiongelea bila aibu.

Kama utakubali, hebu jiulize siku ya kwanza utawafundisha nini. Kama ni kufokasi na kukata picha tu, bosi atafurahi. Lakini mkufunzi ndiye anaandika somo. Unaweza kuandika kwamba maandamano hayaendwi na mtu mmoja, wala stori za usiku. Unaweza kuwafundisha kuweka hedifoni sikio moja na kumwambia mwenye nyumba kabla, "Mama, hii nasikiliza isije ikapoteza maneno yako." Wewe umelipia hilo somo. Unaweza kumwomba bosi aweke kwa maandishi ni stori zipi lazima waende wawili, kwa sababu ile sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa mfanyakazi wake, na Katiba kifungu cha 41 inataja mazingira ya kazi yanayofaa. Na hata kabla ya kuwa mkufunzi, mkataba wako unasema wewe ni nani? Kama bado unasema ripota tu na sasa ni kazi ya watu watatu, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mambo kama hayo yakibadilika mwajiri ashauriane nawe na akuandikie. Uliza pia bima ya ofisi inakutambua vipi ukiumia umebeba kamera. Hatari ya njia hii naiona, bosi anaweza kukubali kila kitu kwa mdomo halafu yasiandikwe, na wewe ukawa sura ya mpango ambao sehemu yake nzuri haikuja. Na hiyo elfu ishirini itakuwa imeshazoeleka nyumbani.

Kuna kitu kingine nimejiuliza nikiosha vyombo, kwa nini mkufunzi awe wewe? Anayejua kushuti ni nani? Ulifundishwa na Mzee kabla hujapewa kamera, na ukatoka mzuri mpaka bosi anakutamani. Umewahi kufikiria kumwambia bosi kwamba wale wanne ndio wakufunzi, au wawili kati yao, na wewe uwe upande wao ukifundisha ile sehemu ya ripota? Inaweza kukataliwa. Inaweza pia kumchoma Mzee, maana kumwambia mtu achimbe shimo lake mwenyewe si heshima, inategemea unavyomletea na kama kweli kuna kazi mwisho wake. Nakuachia hilo ulichunguze.

Kuhusu YouTube, rafiki yako anakupenda lakini angalia vizuri. Unalalamikia upweke, na chaneli ya kwanza ya mtu huwa ni upweke zaidi, huna edita wa kukuambia hii usiirushe, huna wakili wa ofisi, huna mshahara tarehe 30. Wako waliofaulu, na wewe una mkono na una jicho. Ila ukienda, nenda ukifuata kitu unachokitaka, maana ukiwa unakimbia macho ya Mzee hayo utayabeba hata huko.

Sasa siri. Hapa ndipo nimekaa sana, na sina jibu rahisi. Ukimwambia Mzee, unaweza kufukuzwa kwa kuvunja siri ya ofisi, na pengine mpango ubadilike kesho uwe umemnyima usingizi bure. Usipomwambia, siku barua zitatoka ataangalia nyuma aone miezi yote alikuwa anakuuliza betri na wewe unajua. Sheria inampa ilani ya angalau mwezi mmoja na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliofanya, kwa miaka 24 hiyo ni mshahara wa siku 360, kwa hivyo hataenda mikono mitupu kama sheria itafuatwa, lakini mtu wa miaka 53 mwenye watoto chuo anahitaji zaidi ya mwezi mmoja kujipanga na nadhani hilo ndilo linakukaba. Kuna njia ya katikati ambayo si tamu, nayo ni kumrudia bosi umwambie, "Hii siri sikuiomba na siwezi kuibeba, nipe tarehe ambayo utawaambia wenyewe." Anaweza kukasirika. Anaweza pia kuheshimu, mabosi wengine hufunga mlango kwa sababu wanaogopa, wakipata mtu wa kuwaambia wafungue wanapumua. Wewe unamjua, mimi simjui.

Na una uhakika Mzee hajui? Mtu aliyekaa hapo miaka 24, ameona wenzake wakienda kundi zima, anaona wewe unatoka peke yako kila asubuhi na kamera. Watu wa umri wetu huwa tunajua kabla ya barua. Inawezekana anajua na anangoja aone nani atamwangalia usoni. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema umemuweka kama mtu asiyejua kitu, wakati miaka sita yeye ndiye alikuwa anaona kilicho nyuma yako.

Kabla hujaamua lolote naomba kitu kimoja, tafuta mtu wa lile gari. Inaweza kuwa ripota mwenzako ambaye pia anashuti peke yake, mkubaliane kila mmoja akitoka kwa stori nzito anampigia mwingine dakika kumi kabla ya kufungua leptopu. Inaweza kuwa mshauri wa kuonana naye ana kwa ana, na kama usingizi utaendelea kukukataa ningependa iwe huyo. Chama cha wanahabari pia, Kenya Union of Journalists, si lazima uende kupigana, unaweza kwenda kuuliza tu wengine wamefanya nini.

Hujaniambia bosi amekupa mpaka lini. Kama hakusema, basi usijiwekee dedilaini ya saa moja kwa jambo hili. Na kesho asubuhi akikuuliza kama umebeba betri ya pili, jaribu kumjibu ukimwangalia, hata kama ni "ndio Mzee" tu, halafu uniandikie ulichokiona usoni mwake.

Mama yako wa ushauri